Picha za Kulala, Picha za Kusimama

Studio ya Luhende,
Kirumba,
Mwanza.

26 Julai, 1998.

Mpendwa mdogo wangu Dorcas,

Hujambo huko Francistown? Shemeji Maige hajambo? Na hao wapwa zangu je, bado wanakumbuka Kiswahili, au mmeshakimaliza chote mkabaki na lugha ya huko? Waambie mjomba wao anawadai shikamoo za miaka mitatu, na akizidai zote kwa siku moja watakauka koo.

Sisi hapa hatujambo kwa kadiri ya umri. Goti langu la kushoto linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Tumbo nalo limeanza kutangulia safari, mimi nafuata nyuma. Getruda anasema siku hizi ukitaka kunipiga picha nikaenea, lazima kamera uilaze. Usicheke sana, na wewe ni wa ukoo huu huu.

Mvua kubwa za mwaka huu ziliharibu pamba ya watu wengi huku Misungwi, lakini sasa jua ni la kutosha na upepo wa ziwani usiku unatutafuta mpaka chini ya blanketi. Mama yuko salama kwa mwili. Nasema kwa mwili, na kwa nini nasema hivyo utaona mbele.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Nestory ameniambia amekutumia kwa posta kile kijitabu cha ibada ya makaburi. Kama kimefika na bado hujakifungua, kiweke juu ya kabati kwanza. Kama umeshakifungua, basi umeshashangaa, na barua hii imechelewa kwa uzembe wangu. Vyovyote iwavyo, isome mpaka mwisho.

Unakumbuka nilikuandikia baada ya Pasaka kwamba tumekubaliana kujengea makaburi ya baba na ya mama mkubwa kwa saruji, na padri aje ayabariki. Wewe ulileta mchango wako na ukasikitika huwezi kupata likizo. Katika kikao kile, Nestory ndiye aliyetoa wazo la picha. Akasema tutengeneze ubao mmoja mkubwa wenye kioo, picha zote za familia tangu enzi za babu ziwe humo kwa ukubwa mmoja, na zile zile zichapwe kwenye kijitabu, ili wajukuu wajue wametoka wapi. Wazo zuri. Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi, na shangazi Tereza akanitazama kwa namna ambayo siku ile sikuielewa.

Huyu Nestory wetu sasa ni mtu. Ushirika ulipoyumba na wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia, wenzake walibaki wakilalamika chini ya mti, yeye akafungua ofisi pale mjini. Ana kompyuta, ana mashine ya kuingiza picha ndani ya kompyuta, na ana nyingine ya kuitoa picha hiyo kwa rangi. Mimi kaka yake, mpiga picha wa kuheshimika, nimebaki na kamera ya tangu enzi za baba yake Nuhu. Tangu hizi maabara za rangi zije, mtu anapeleka filamu, anakunywa chai, akimaliza kikombe picha zake zimeshatoka. Nani atamsubiri Luhende azianike kwenye kamba? Chumba changu cha giza kwa sasa kina kuku wa Getruda anayeatamia. Anakisifu. Anasema kina utulivu.

Kwa hiyo kazi ile haikuwa yangu, na sikuona wivu. Au niliona kidogo, nikaumeza. Kilichobaki kwangu kilikuwa kuzipata hizo picha. Unajua picha zote za zamani ziko kwa mama, ndani ya sanduku lake la bati kule Busisi, na mama hampi mtu yeyote. Kaka Mayala alishawahi kuomba moja tu akarudi mikono mitupu. Wakaniambia, "Luhende, nenda wewe, wewe ndiye anayekusikia." Nikavimba kichwa. Nikaenda Kigongo, nikapanda kivuko, nikavuka.

Mama aliniuliza picha zinakwenda wapi. Nikamwambia zinakwenda kwa Nestory, ana mashine ya kuzifanya zote ziwe saizi moja. Dorcas, ungeuona uso wake. Alikuwa ameshika kufuli la sanduku, akalifungua pale pale.

"Kama ni Nestory sawa," akasema. "Huyo ni wangu."

Wewe huwezi kukumbuka, maana ulikuwa unanyonya, lakini mimi nilikuwa mkubwa wa kuchunga ndama na nakumbuka vizuri. Mama mkubwa alipomzaa Nestory aliugua sana, maziwa yakakauka, na watu wakasema mtoto hatafika mavuno. Mama yetu alikuwa na wewe mgongoni. Akaenda nyumba ya mke mwenzake, akamchukua yule mtoto, akampa ziwa moja, wewe akakuachia jingine. Mlikua hivyo mpaka mkaacha kunyonya. Ndiyo maana mkigombana utotoni alikuwa anawaita kwa jina moja tu, "Ninyi mapacha." Na ndiyo maana Nestory mpaka anaoa alikuwa akimwita mama, bila kuongeza neno "mdogo".

Nikarudi na picha zimefungwa ndani ya khanga ya mama.

Tukakaa ofisini kwa Nestory Jumamosi moja, milango imefungwa kwa wateja. Shida ikaonekana mapema. Picha zilikuwa za kila namna. Kuna ndogo kama kiberiti, kuna kubwa kama daftari, na tena kuna za kulala na kuna za kusimama. Za kulala ni zile pana, za watu wengi waliojipanga mbele ya nyumba. Za kusimama ni za mtu mmoja au wawili, ndefu kwenda juu. Unazifanyaje zote zikae kwenye visanduku vilivyo sawa?

Mara ya kwanza Nestory aliiamuru mashine izilinganishe zote, upana huu na urefu huu, basi. Mashine ikatii kama askari mpya. Ikazivuta. Baba alitokea mfupi, mnene, kama gunia la pamba lililoshindiliwa. Picha pana ya harusi ya Mayala ikabanwa ubavuni, watu wote wakawa wembamba kama fito za kujengea zizi, na bibi harusi shingo kama korongo. Tulicheka, Dorcas. Nestory alilala juu ya meza. Mimi machozi yalinitoka mpaka miwani ikaniteleza. Nakuambia haya ili ujue kwamba siku ile tulikuwa ndugu.

Halafu akapata dawa yake. Akanionyesha pale unapoiambia mashine isivunje uwiano wa picha, uipe kipimo cha upande mrefu tu. Picha iwe imelala, iwe imesimama, upande wake mrefu usipite hapa, ule mfupi ufuate wenyewe kwa kadiri yake. Akabonyeza mara moja kwa picha zote. Tukaenda kunywa supu. Tuliporudi zimekwisha. Kila picha nzima, kila mtu ana sura yake aliyopewa na Mungu. Zile za kulala zina utepe mweupe juu na chini, zile za kusimama zina utepe mweupe kushoto na kulia. Nilimshika bega nikamwambia, "Mzee angekuwepo akaona hii." Akageukia mashine yake. Nilidhani amemkumbuka baba.

Nilirudi nyumbani nikamsifu Nestory mbele ya Getruda mpaka akaniuliza kama nimeajiriwa kumtangaza.

Wiki iliyotangulia ibada nilikwenda nyumbani, pale mbele ya Usagara, kusaidia kupaka chokaa. Ubao ulikuwa umeshaletwa na kutundikwa sebuleni, na vijitabu vimepangwa mezani. Nikaweka brashi chini, nikasogea kuutazama kwa starehe, kama mtu anayesogelea sahani yake. Ulikuwa unang'aa. Kisha nikaona picha za kulala hazina tena ule utepe mweupe. Zimejaa visanduku mpaka kona. Nikasema labda amezikuza kidogo zipendeze.

Nikaitafuta ile picha yetu kubwa. Wewe nakala huna, kwa hiyo nikueleze ilivyo. Aliipiga yule Mhindi wa mjini aliyekuja na kamera ya miguu mitatu, mwaka ule mlipokuwa wachanga. Baba amekaa kwenye kiti katikati. Mama mkubwa amekaa kwenye kiti cha pili, ubavuni kwake. Watoto tumepangwa kwa vimo, mimi nimefumba macho kama kawaida yangu. Na mwisho kabisa upande wa kulia amesimama mama, wewe mgongoni, Nestory mkononi. Yule Mhindi alimbembeleza sana asogee ndani. Mama akamwambia hapo alipo panamtosha. Hakutaka bega lake lilingane na la mke mkubwa. Hivyo ndivyo alivyofunzwa kwao, na kila picha ya kulala tuliyopigwa nyumbani, iwe harusi, iwe kipaimara, ukimtafuta mama utamkuta pale pale ukingoni. Alijiweka mwenyewe, kwa heshima.

Kwenye ubao, ile picha inaishia kwangu mimi niliyefumba macho. Mama hayupo. Nikatazama ya harusi ya Mayala. Hayupo. Nikatazama zote. Amekatwa kwenye kila picha, na kwa sababu alikuwa mwisho, huwezi kujua kama palikuwa na mtu. Isipokuwa kwenye ile ya Mhindi. Pale kisu kiliacha kitu. Pembeni ya bega langu, umetokeza mguu mdogo wa mtoto, unaning'inia hewani, hakuna aliyeushika.

Nilisimama pale chokaa ikinikaukia mikononi.

Nestory alipofika jioni nikamwita pembeni, nikamwuliza taratibu. Hakubabaika. "Kaka, mashine haina ubaguzi," akasema. "Kwenye kompyuta zilitoka nzima, uliona mwenyewe. Kwenye kuchapa kisanduku ni kimoja, kinachozidi pembeni kinakatwa. Mama mdogo alisimama mwisho mno."

Nami, mzee mzima niliyeipiga picha nusu ya mkoa huu, nikaamini. Nikaona aibu kwa kumdhania vibaya. Hata nikamwomba radhi. Akanipiga mgongoni, akasema yamekwisha, mambo haya ya kisasa yanachanganya watu wazima. Nikachukua kijitabu kimoja nikaenda nacho nyumbani.

Getruda alikipekua huku anachambua dagaa, vidole vyake vimejaa magamba. Akapekua mbele, akarudi nyuma.

"Baba Hellen," akasema, "mbona hizi zilizosimama hazikukatwa vichwa?"

Nikamwuliza vichwa gani.

"Kama kisanduku ni kimoja, na mashine inakijaza na kukata kinachozidi, si ingewakata hawa vichwa na miguu? Mbona baba mkwe ana kofia na viatu vyote?"

Nikavaa miwani. Kweli. Baba na koti lake la kijivu, mzima. Mama mkubwa na rozari yake, mzima. Nestory na cheti chake cha chuo, mzima mpaka kamba za viatu. Zote za kusimama zimeachwa kama zilivyotoka siku ile tuliyocheka, na utepe wake mweupe kushoto na kulia. Ni zile za kulala tu ndizo zilizoguswa, tena kwa upande mmoja tu, ule wa mama. Na ile moja ya kusimama ambayo baba yuko na mama peke yao, siku alipomnunulia cherehani, haikuwemo kabisa.

Getruda alirudi kwenye dagaa zake. Hapo ndipo nilipojua ameshaelewa kabla yangu, na ananihurumia.

Kesho yake nilikuwa mlangoni kwa Nestory kabla hajafungua. Nilimwekea kijitabu mezani, nikaweka kidole kwenye kofia ya baba. Alitazama kidole, akaenda kufunga mlango.

"Kaka, wakwe wanakuja," akasema. Hakuniangalia. "Familia ya mzee Byabato ni watu wa kanisa tangu babu zao. Suzana wangu anaolewa pale. Padri anabariki kaburi la mtu aliyefunga ndoa ya mke mmoja. Nitundike picha, halafu nianze kuwaeleza huyu wa kwanza na huyu wa pili?"

Nikamwambia huyu wa pili ndiye aliyemnyonyesha.

"Najua. Unadhani sijui? Lakini mwenyewe hapendi kuonekana. Aliondoka nyumbani akarudi kwao Busisi baba alipobatizwa, hakuna aliyemfukuza. Mimi nimemtoa pembeni tu, hata hajaumia."

Ungekuwepo wewe ungemrushia ile kompyuta. Mimi nilitoka nikaenda kwa Mayala, nikiwa na hakika kaka mkubwa atavunja ubao ule kwa mkono wake. Mayala alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuuliza habari za mbuzi wa sherehe. Nikamwambia sikuja kwa ajili ya mbuzi. Akakohoa. Ndipo likatoka. Walikuwa wamekaa kikao kingine kabla ya kile kikao, yeye, Nestory na shangazi Tereza. Waliafikiana mambo yote. Na waliafikiana pia kwamba mama hatatoa picha kwa mtu mwingine ila Luhende, basi Luhende asiambiwe, atumwe.

"Tuliona usisumbuke bure," Mayala akasema.

Hapo ndipo paliponichoma, Dorcas, na panachoma hadi sasa ninavyoandika. Kumkata mama ni kosa lao. Lakini mkono uliozipokea picha sandukuni ni huu unaokuandikia. Alinipa mimi picha zake akiwa anafurahi, nami nikavuka nazo kivukoni nimezikumbatia kama yai.

Siku zilizobaki nilifanya kitu kimoja tu ninachokiweza. Picha halisi Nestory alizirudisha zote, kwa hilo sitamsingizia. Nikamhamisha kuku na mayai yake, akanidonoa, nikastahili. Nikasafisha sinia za kuoshea picha, nikachanganya dawa za mwisho nilizokuwa nazo, nikaipiga kwa kamera yangu ile picha ya Mhindi na kuitoa upya kwenye karatasi yangu bora. Sikujaza karatasi. Niliipima kwa upande mrefu, nikaacha weupe juu na chini, na kila mtu akaingia, kuanzia Mayala hadi mama na wachanga wake wawili. Nikaitia kwenye bahasha ngumu, bahasha nikaitia mfukoni.

Utaniuliza kwa nini sikumzuia mama asije. Nilikwenda kumchukua nikiwa na nia hiyo. Nilimkuta ameshavaa, kitenge kimepigwa pasi, amesuka nywele nyeupe zile kama msichana. Kivukoni nilifungua kinywa mara nyingi. Kila nikikifungua zikatoka habari za bei ya sato.

Ibada ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Makaburi yamependeza. Baada ya baraka watu wakaingia sebuleni kuona ubao. Mzee Byabato, baba mkwe wa Suzana, mtu mpole mwenye fimbo nyeusi, alikuwa mbele na mkewe Mama Kokugonza. Mama akapenya katikati yao. Unajua macho yake yalivyo sasa, anasoma kwa kidole. Akaweka kidole kwenye kioo akaanza safu ya juu. Nilikuwa nyuma yake. Kidole kilikwenda polepole, kila picha ya kulala kikifika mwisho upande wa kulia kinasimama, kinatulia, kinaendelea. Mimi jasho lilinitoka kama naungama.

Kikafika kwenye ule mguu. Hapo akacheka kidogo, kicheko chake kile cha puani.

"Huu mguu ni wa Nestory," akasema. "Kidole cha pili kimekipanda cha kwanza. Nestory mwanangu, vua kiatu wakwe wakuone."

Watu wakacheka. Suzana, ambaye hajui lolote maskini, akasema kweli baba anacho kidole hicho, na yeye amekirithi, akavua kandambili akakionyesha. Mama Kokugonza akainama kukitazama akasema basi na wajukuu wetu watakuja nacho. Furaha tupu. Nestory peke yake ndiye aliyekuwa amesimama na viatu vyake.

Mzee Byabato akasogeza uso karibu na kioo. "Lakini huyu mtoto anaelea," akasema. "Aliyembeba yuko wapi?"

Palikuwa na nafasi, Dorcas. Ilikuwa nafasi pana ya kupita ng'ombe. Mayala alikuwa pale, shangazi Tereza alikuwa pale, na mimi nilikuwa pale. Nestory akamtazama mama, kisha akamtazama mkwewe.

"Alikuwa yaya wetu, mzee," akasema. "Yaya wa zamani aliyenilea."

Nilishaingiza mkono mfukoni. Bahasha ilikuwa nusu nje. Mkono wa mama ukaja juu ya wangu, ukaurudisha ndani, ukaubana pale pale. Una nguvu bado, mkono ule.

"Ndiyo," mama akamwambia mzee Byabato. "Nilimlea."

Akatoka kwenda kukaa na akina mama waliokuwa wakiosha vyombo. Akala kidogo. Wakwe walipoaga aliwapa mkono kama wengine. Mama Kokugonza aliushika mkono ule kitambo kirefu akimtazama usoni, lakini hakuuliza, na mama hakueleza.

Nilimrudisha kwake siku ile ile. Kivuko kilipokaribia upande wa Busisi, watu wanaanza kukusanya mizigo, ndipo akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenituma chumvi:

"Luhende, siku yangu ikifika mtanizika hapa Busisi kwa kaka zangu. Msinipeleke kule. Yaya hazikwi kwa tajiri wake."

Nikamwambia mama, yule ni Nestory tu, sisi wengine tunakujua wewe ni nani. Akaniuliza, bila hasira, mbona basi hakusikia mtu mwingine akisema. Nikatazama maji.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Shangazi Tereza kasikia, anasema ni maneno ya hasira yatapoa. Mimi namjua mama. Hasira zake huwa na kelele, hili halikuwa na kelele. Mahali pake ni ubavuni kwa baba, sisi watoto wake tunajua, na baba mwenyewe alilisema kabla hajafa. Sasa amepakataa kwa kinywa chake, na mtu mzima akikataa kaburi huwezi kumbeba kwa nguvu. Mwandikie, Dorcas. Ikiwezekana njoo Krismasi, hata kwa siku chache. Mimi maneno yangu kwake yamepungua uzito, kwa haki. Wewe hukuwa sebuleni.

Ndani ya barua hii nimekuwekea ile picha niliyoitoa. Uliye mgongoni ni wewe, ingawa umeonekana kofia tu. Mwambie shemeji akutafutie fremu iliyo pana. Kama atapata ndogo tu, aiache bila fremu.

Nisalimie shemeji Maige, na wapwa zangu mmoja mmoja. Getruda anakusalimu, anasema michembe ya viazi uliyoomba ameianika, itakuja na mtu. Hellen naye anakuamkia, shikamoo shangazi. Mama anakusalimu sana na anakuombea, amesema Mungu akulinde ugenini na akurudishe ukiwa na miguu yako.

Kuna jambo la mwisho. Nilipokuwa naondoka Busisi siku ile, mama aliingia ndani akatoka na vifurushi viwili vya karanga za shamba lake. Kimoja akaniambia ni changu. Cha pili akanipa akasema, "Hiki mpelekee Nestory, anazipenda tangu mdogo." Nilimtazama nikidhani amesahau. Hakuwa amesahau kitu. Kifurushi hicho kiko hapa mezani karibu na karatasi hii, na kila siku nimekuwa nikipata sababu ya kutokwenda mjini. Kesho Jumatatu nitampelekea, kwa kuwa aliyetuma ni mama. Nitakiweka juu ya ile mashine yake, nitamwambia kimetoka kwa nani, kisha nitaondoka. Akinikaribisha kiti sitakaa.

Ni mimi kaka yako, akupendaye na kukuhitaji mwaka huu kuliko miaka mingine,

Luhende